Cherehani ya Shangazi na Sheria ya Dunia

Askari walikuwa wamegeuza nyumba ya shangazi kule Kinama kuwa kambi yao, na cherehani yake ikabaki ndani. Ile cherehani njo ilikuwa inatulisha. Sasa tulikuwa tumepanga chumba huku Mutanga Nord, tunakula kwa jirani, na jirani alishaanza kufunika sufuria akituona.

Basi tukaalikwa semina mujini: wanawake na sheria za vita. Meza ya mbele, wanaume wane. Sisi wanawake tukapewa cheo cha kugawa Fanta.

Mugeni mumoja, tai imemukaba, akafundisha kwamba nchi ikishambuliwa ina haki ya kujitetea, lakini nguvu isizidi kiasi. Mi nikanyosha mukono.

"Na nyumba ya mutu, askari wakikaa ndani?"

"Hapo, binti, inageuka shabaha halali."

Shangazi akasimama na kreti ya Fanta mikononi. "Halali? Mi mwenye nyumba, nani aliniuliza?"

Muzee mumoja wa mbele akakohoa. "Mama, kuku jike hawiki jogoo akiwepo."

"Basi jogoo atage!" nikamujibu. Wanawake wakacheka mpaka soda zikamwagika.

Mwisho kila mutu akapewa cheti: karatasi ngumu ya Kifaransa, muhuri mukubwa wa bluu. Kilisema tu kwamba shangazi alihudhuria. Lakini hapa kwetu nani anasoma karatasi? Watu wanaangalia muhuri.

Asubuhi tukaenda Kinama. Askari wa mulangoni akatuzuia. Mi nikainua cheti, nikajifanya kusoma: "Kwa sheria ya dunia nzima, mama huyu apewe cherehani yake!"

Akasugua muhuri na kidole. Akaita shefu wake. Shefu naye akasugua.

"Ingieni. Mbio!"

Ndani, askari mumoja, chupi tu, alikuwa kwenye cherehani anashona suruali yake ilipopasuka matakoni.

"Shefu, bado sijamaliza!"

"Apana, umemaliza," shangazi akasema. Akakata uzi na meno, akamurudishia suruali, nyuma wazi vilevile. "Shika, mwanangu. Haki ya kujitetea unayo."

Mi nikabeba cherehani kichwani, shangazi meza yake. Nyumba walibaki nayo. Kwa nyumba, muhuri wetu ulikuwa mudogo. Lakini siku ile shangazi alishonea watu, tukapika kwetu chumbani, na sufuria tuliacha wazi, jirani aone.