Mapasa wa mwaka ule mvua ilipokataa

Kuna siku moja ya Mutshatsha ambayo nikiikumbuka, mwanangu, ninacheka kabla ya kukasirika. Nataka nikupe siku hiyo, maana Jumapili ulinitolea neno zito. Ulisema wewe na bwana yako hamtazaa: mvua haijui tena mwezi wake, jua linaunguza mahindi yakingali madogo, na katika mto wetu samaki wanaelea matumbo juu. Niliendelea kusonga bukari, ugali wa siku zote. Sasa najibu kwa karatasi, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne.

Nilikuwa kijana kama wewe wakati kazi ya mashimo ya shaba ilipokufa Kolwezi. Watu wakikosa mshahara hutafuta wa kulaumu, na wakubwa wakawaonyesha sisi, wajukuu wa wachimbaji walioletwa kutoka mkoa mwingine. Hawa si wa hapa, walisema, babu zao walikuja na treni, nao warudi na treni. Wengine wanasema tusahau majina. Mi sisahau. Kwa mtaa wetu wa Manika alikuwa Tata Kalenga, shefu wa karteri, mkubwa wa mtaa mzima, aliyepita nyumba kwa nyumba na vijana wenye marungu. Mlango wetu aliung'oa akaenda kuufunga kwake. Hata leo nikiuona mlango ule nitaujua.

Mimi na baba yako tulipanda treni ya kwanza, ingawa haikwenda hata upande wa nchi ya hao babu. Ikatuacha Mutshatsha, ndani ya hangari ya stesheni, ghala tupu la mizigo, pamoja na wengine waliofukuzwa. Tulilima, mvua ikakataa. Mahindi yalipokauka tukachoma makala, makaa ya kuuza, na kila mti ukianguka, Kaku Ntumba, bibi mmoja wa hangarini, alisema wingu limeanguka. Basi nikamwambia baba yako: sizai. Sileti mtu duniani aje kula vumbi. Akachukua shoka akarudi msituni.

Humo humo hangarini Meta, binti ya Kaku, akazaa mapasa, watoto wawili kwa mimba moja, Mbuyi na Kabanga. Desturi unaijua. Mapasa hawapokelewi kwa adabu, wanapokelewa kwa nyimbo za matusi na nyuso zilizopakwa pemba, udongo mweupe. Yeyote anayepita lazima ampe kila mmoja zawadi, sawasawa, la sivyo balaa inamfuata mpaka kwake. Na ukitukanwa siku hiyo, hukasiriki. Wanawake waliokosa hata chumvi walicheza mpaka stesheni ikafunikwa na vumbi.

Nani atokee? Tata Kalenga, na lori tupu, amekuja kununua makala kwa watu aliowafukuza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kaku Ntumba akasimama mbele ya lori, mtoto mkono huu, mtoto mkono huu. Sisi tukaimba: tumbo yake ni pipa, kichwa chake ni kikombe, amekula nyumba zetu zote na bado anajamba njaa. Akajikaza kutabasamu, maana hata mama yake mzazi alimfundisha desturi hiyo. Akatoa leso moja.

"Mapasa habapewaka kitu kimoja, tata," Kaku akamwambia. "Ao utaipasua?"

Akajipapasa mifuko. Kaku akaangalia chini, sisi sote tukaangalia chini. Mwilini mwake vitu vilivyokuwa viwili sawasawa vilikuwa viatu tu. Akavivua. Kimoja kwa Mbuyi, kimoja kwa Kabanga. Akarudi kwenye lori akirukaruka juu ya kokoto za reli zilizopata moto wa jua, nasi tumelala chini kwa kicheko, hata baba yako, aliyekuwa hajacheka tangu Kolwezi.

Nilipomaliza kucheka nikalia. Kaku akaja kukaa karibu yangu, nikamweleza ninachoogopa. Hakunicheka.

"Mutoto hakulaka mvua peke yake," alisema. "Anakulaka mikono ya batu. Hesabu kwanza mikono, nyuma hesabu mawingu. Kama haitoshi, ngojea. Kungojea haiko zambi. Lakini Kalenga amekwisha kubeba mulango yako. Usimupe na tumbo yako."

Nikangoja. Miaka ilipita, vurugu zikatulia, tukarudi Kolwezi; mikono ya kunisaidia ikapatikana, nikakuzaa wewe, mmoja tu. Majirani walinisema: mama wa mtoto mmoja, anajifanya mzungu. Nikaacha waseme. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Kwa hiyo sikulazimishi uniletee mjukuu, ingawa mgongo wangu bado unajua kubeba. Joto unalolisema ni la kweli, mi nimelilima. Waliolileta ni wenye viwanda vya mbali na wenye malori ya hapa. Wanachimba, wanakata, wanafukuza, kisha wao wenyewe wanazaa kumi bila kuuliza mawingu. Mwanangu, kaa na bwana yako, mwambiane ukweli wote. Mkikataa, liwe neno lenu, si lao, na mje kwangu vilevile, bukari ipo. Mkikubali, mniite mapema. Ila woga peke yake usikae kwenye kiti cha kukata shauri.

Mungu wa babu zetu awalinde na wenye marungu, awape maji safi, na katika nyumba yenu, muwe wawili au muwe wengi, asikosekane mtu wa kucheka naye.