Albamu ya Deiver Iliyosingiziwa Kutoka Kinshasa

Wengine huzaliwa na mashamba. Deiver Cassiani alizaliwa na koo. Akisukuma mkokoteni wake wa parachichi katika mitaa ya chini ya Barranquilla na kuita, "Parachichiii! Laini kama siagi!", mikate ya mtaa wa tatu ilijipasua yenyewe kungoja kupakwa.

Lakini jioni koo hilo lilikuwa la Wilfrido. Wilfrido ndiye aliyekuwa kichwa cha kundi lao la kurapu, yeye na miwani yake na mnyororo wake. Kazi ya Deiver ilikuwa kusimama nyuma na kuitikia, "Ee!"

Mwaka ule akachoka kuitikia. Akatoka kundini, akajifungia chooni kwa shangazi yake Nicolasa, kule ambako mwangwi ni wa bure, akarekodi albamu yake mwenyewe. Na alirapu kwa lugha ya Palenque, kijiji cha bibi zake kilichojengwa na watumwa watoro wa Kongo, lugha ambayo vijana wa mtaani hawaijui zaidi ya salamu.

"Peke yako?" Wilfrido akacheka. "Wewe kifuniko, kaka. Kifuniko bila sufuria ni sahani tu."

"Ngoja Jumapili. Piko litaipiga."

"Watu wakiicheza, nausukuma huo mkokoteni wako mpaka kanivali. Wasipoicheza, unarudi nyuma yangu, na taulo langu la jasho unabeba wewe!"

Wakapeana mikono mbele ya mtaa mzima.

Sasa, piko la mtaa ule, ukuta wa spika mrefu kupita nyumba, uliochorwa nyumbu anayetema moto, liliitwa Nyumbu Kichaa. Likiwashwa, wenye meno ya bandia waliyatia mfukoni, na kuku walitaga mayai yaliyokwisha kuvurugwa. Mwenyewe, mzee Eparquio, alishika desturi ya wenye mapiko wote: muziki mpya ni siri yake. Jina la mwimbaji hulikwangua kwa msumari, asije jirani mwenye piko akautafuta na yeye akaupata. Deiver aliijua desturi hiyo tangu tumboni mwa mama yake. Lakini furaha humtoa mtu akili. Akampa mzee sidii yake, akaondoka akirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Jumapili mchana, jua likikaanga mabati, albamu ikapigwa. Ee Mungu wangu! Watu walicheza hata vivuli vyao vikachoka, vikaenda kukaa kando. Polisi wawili waliokuja kuamuru sauti ipunguzwe wakaonekana wanakata viuno. Deiver, ameegemea mkokoteni wake, akafumba macho kungoja jina lake litajwe.

Mzee Eparquio akashika kipaza sauti. "Hii imetoka moja kwa moja Kinshasa! Hamtaipata popote! Kwa Nyumbu tu!"

Deiver akamrukia. "Mzee, hiyo yangu!"

"Najua, mwanangu. Lakini ya muuza parachichi nani ataililia?"

Deiver akawageukia watu. "Ni mimi! Huyo ni mimi!"

"Ndiyo, na mimi ndiye Papa," mmoja akamjibu bila kuacha kucheza. Nani angeitambua sauti? Besi ya Nyumbu hata malaika ingemfanya fahali.

Wilfrido, jasho likimchuruzika kwa kucheza, akamtupia taulo begani. "Pole, kaka. Walichocheza ni cha Mkongo. Beba."

Pembeni, kwenye mabeseni ya kashata za nazi, Shangazi Nicolasa na wanawake wenzake wa Palenque walikuwa wanacheka hadi wanashikana magauni. Wao walisikia kila neno.

"Mkongo gani," mmoja akasema akijifuta machozi, "anayejua Wilfrido alikojoa kitandani mpaka alipoota ndevu?"

"Nani kasema?" Wilfrido akang'aka. "Kasema nini?"

Papo hapo Nyumbu Kichaa, aliyekwisha kunywa umeme wa mtaa mzima, akamalizia tone la mwisho. Kimya. Feni zikasimama. Watu wakabaki mguu mmoja hewani, ubeti umekatika katikati.

Deiver hakufikiri. Akapanda juu ya maparachichi yake, akafungua koo, akaudaka ubeti palepale ulipodondokea. Bila spika, bila waya. Shangazi Nicolasa akageuza beseni, akalipiga. Na wenzake wakageuza yao. Mabati yakatetemeka vilevile, meno yaliyokwisha kurudi kinywani yakarudi mfukoni, na miguu iliyokuwa hewani ikashuka na mdundo. Umeme uliporudi, hakuna aliyegundua.

"Mkongo!" watu wakapiga mayowe, wamembeba juujuu, parachichi limempaka hadi magotini. "Mkongo wa parachichi!"

"Nilisema katoka Kinshasa," mzee Eparquio akajitetea. "Sikusema kafika lini!"

Basi mpaka kanivali, kila asubuhi, mitaa ile ilimwona Wilfrido, miwani usoni, mnyororo kifuani, akisukuma mkokoteni. Deiver ametangulia mikono mitupu, akiita, "Parachichiii! Laini kama siagi!"

Na nyuma yake, kwa sauti nyembamba: "Ee."