Jezi za Timu ya Mtaa

Nikinusa sabuni ya mche, namwona mama uani kwetu Kariakoo akifua jezi za timu ya mtaa, iliyokuwa imefungwa tena. Labda nachanganya mengine, ila hili nalikumbuka. Mashabiki waliingia wamenuna.

"Shikamoo mama. Usizifue hizo!"

"Marahaba. Nazifua."

"Beki zetu uchochoro mtupu! Wakikosa jezi kesho hawachezi, viongozi watasajili wengine."

Kusema haki, timu ilikuwa mbovu kweli.

Mama akainua jezi ya golikipa. "Huyu anadaka upepo, nami nimemzomea mpaka sauti imekauka. Lakini mtaa wetu haukimbii mechi. Shika huku, tukamue."

Wakashika, wakakamua, huku wakiendelea kuwatukana mabeki.