Mistari Thelathini na Nane ya Bupe

Saa mbili kasoro asubuhi, ukungu haujaondoka Uyole, na Severina Kalinga tayari yuko mbele ya kompyuta. Anaweka kishale kwenye mstari wa kwanza, anakivuta hadi wa kumi na mbili, kisha anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Alama ya reli (#) inatokea mbele ya kila mstari na maandishi yote yanageuka ya kijivu.

"Hapa kompyuta haisomi tena," anasema. "Mistari ipo, sijaifuta. Ila inapitwa kama haipo."

Waandishi wa programu huita kitendo hiki kukomenti. Wanapotafuta kosa, huzima sehemu fulani kwa muda ili waone zilizobaki zinakwendaje. Severina, mwenye umri wa miaka 31, hufanya hivyo hata mara ishirini kwa siku. Mara moja alifanya kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo aliyokubali kuisimulia.

Alizaliwa Mafinga, binti wa mpasua mbao, na ndiye wa kwanza katika ukoo wao kumiliki kompyuta. Katika ofisi hii ndogo ya watu watano jijini Mbeya, alijenga peke yake, kwa miezi mitatu, programu inayowatumia wakulima 212 wa mpunga huko Madibira ujumbe wa simu kuwajulisha siku na saa ya zamu yao ya maji.

Kisha akaajiriwa Bupe Mwaisumo, mdogo kwake kwa miaka sita. Mkuu wa ofisi, Ezron, alimpa sehemu ya programu inayopanga zamu aiangalie, kwani wakulima walikuwa wakilalamika. Bupe akaiandika upya kwa wiki mbili. Mistari zaidi ya mia na hamsini ya Severina ikawa 38, na malalamiko ya wakulima yakakoma. Kwenye kikao Ezron akasema sasa ofisi imepata mtu.

"Nilikuwa pale mwaka wa nne," anasema Severina. "Nikajiuliza, kumbe siku zote hizo mimi nilikuwa nani?"

Alianza kuhesabu ni mara ngapi Ezron anamwita Bupe mezani kwake. Alichukia hata kicheko cha Bupe kwenye simu. Bupe akirudi na maparachichi kutoka kwao Tukuyu na kugawa, Severina alikuwa akisema ameshiba.

"Na maparachichi nayapenda," anaongeza.

Jumatatu moja ya Februari mwaka jana, Bupe akiwa msibani Tukuyu, Severina alifungua faili, akachagua mistari yote 38, akaikomenti. Mahali pake akarudisha ile yake ya zamani. Hakumwambia mtu. Alitaka wiki ipite salama, kisha aseme mbele ya wote kwamba ni kazi yake iliyokuwa ikiendesha zamu.

Jumatano banio la mfereji, lango la kuingizia maji, likaharibika na baadhi ya zamu zikabadilishwa. Programu ya Bupe ilijua kufuata mabadiliko ya aina hiyo. Ya Severina haikujua.

Wakulima tisa walipata ujumbe wa siku isiyo yao. Mmoja alikuwa Veneranda Mgaya, mjane mwenye ekari moja na nusu. Aliambiwa Ijumaa, kumbe zamu yake ilikuwa imesogezwa hadi Alhamisi. Alipofika na jembe lake, maji yalikuwa yamekwisha kupita na zamu nyingine ilikuwa siku nane mbele. Mvua ilikuwa imekatika wiki mbili, na mpunga ulikuwa umepandikizwa juzi tu.

Veneranda akapiga simu ofisini. Ezron naye akampigia Bupe kule kule msibani na kumsema kwa ukali, Severina akisikia.

"Niliona raha," anasema. "Dakika kama tano hivi. Sitaki kukudanganya."

Jumatatu Bupe akarudi na kufungua faili. Programu yao hutunza jina la kila aliyegusa mstari. Severina alimwona akilisoma jina lile kwenye kioo cha kompyuta, kisha Bupe akaondoa alama zote, akawatumia wakulima ujumbe sahihi, akamwambia Ezron kulikuwa na kosa na limerekebishwa. Hakutaja jina.

"Hata wema ule niliuonea wivu," anasema Severina. "Nikasema moyoni, kumbe na hapa pia kanizidi."

Alivumilia siku mbili. Jumatano, kwenye kikao, alisema mwenyewe. Alipewa barua ya onyo na kusimamishwa wiki mbili. Jumamosi akapanda basi kwenda Madibira.

"Kamwene," Veneranda alimsalimia, akidhani ni mgeni wa kawaida. Severina akamweleza yote, wamesimama tutani. Maji yalikuwa yamerudi asubuhi ile, lakini nyufa za udongo bado zilionekana. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akang'oa mche mkavu, akamwekea mkononi.

"Mwenzio alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mama. Alinizidi."

"Basi shamba langu ndilo lililolipa."

Kisha akamwambia jirani amebakiza miche, na kama amekuja kuomba radhi, matope yale pale, maji yamerudi. Severina akakunja sketi. Walipandikiza siku tatu. Hata hivyo, msimu ule Veneranda alivuna magunia 21, wakati mwaka uliotangulia alipata 34.

Amesamehewa? "Nikipiga simu, salamu ananijibu," anasema Severina.

Bupe, anayekaa meza ya pili, hapendi kusifiwa kwa ukimya wake. "Nilikuwa na hasira," anasema. "Ningefungua mdomo ningemtukana. Ndiyo maana nilinyamaza." Severina anacheka kwa sauti, anasema laiti angejua hilo mapema, asingelala na njaa siku mbili.

Siku hizi wanaandika pamoja sehemu mpya, ambayo mkulima aliyekosa maji ataweza kutuma neno moja kwa simu ndogo, na ujumbe ukafika kwa Severina moja kwa moja. Aliomba mwenyewe uwe unafika kwake.

Mwezi ujao ofisi itachagua mtu mmoja wa kwenda Dodoma kwa mafunzo ya miezi sita. Wameomba wawili, yeye na Bupe.

"Naitaka sana nafasi ile," anasema Severina. "Akipata yeye, nitaumia. Wivu haujaniisha, labda hautaniisha. Ila safari hii nitavuta kiti pale kwake, nimwambie: Bupe, nimeumia. Mwaka jana hilo ndilo lililonishinda."