Wavu Uliobaki Jipe

Rogathe alizaliwa Vudee, juu milimani, na mpaka anaolewa hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Mumewe, Eliakimu, alikuwa mvuvi wa Ziwa Jipe. Kiboko akaupindua mtumbwi wake, akafa maji, na Rogathe akabaki na binti yao, Blessing, pamoja na hofu ya maji isiyomtoka.

Wavu wa Eliakimu ulibaki ziwani. Ulikuwa wa timba, nyuzi za plastiki zisizooza, aina iliyopigwa marufuku. Ulinasa kando ya matete, wanakozaliana perege wa asili wa Jipe, ambao sasa wamebaki wachache. Kila maji yalipopungua watu waliwaona wamekufa humo, majike bado wana mayai mdomoni, wanamoyaatamia.

"Ule ni wavu wa nyumba yangu," Rogathe alimwambia Omari, mwenye mtumbwi. "Nipeleke tukautoe."

"Mama Blessing, pale pana viboko."

"Najua kuliko wewe."

Walikwenda asubuhi. Omari alisukuma mtumbwi kwa pondo, taratibu. Rogathe aling'ang'ania ukingo wa mtumbwi mpaka vidole vikafa ganzi. Kila povu lililopanda juu ya maji lilimkata pumzi.

Akaukamata wavu, akavuta. Nao ukavuta. Mtumbwi uliinama, maji yakaingia.

"Achia, Mama! Achia!"

Mgongo wenye magamba uliibuka karibu na mkono wake, kisha jicho. Alikuwa mamba, amezongwa na nyuzi shingoni. Rogathe alijua akiachia, wavu utazama tena na kuendelea kuua. Alipapasa kisu miguuni, akakata nyuzi kati yake na yule mnyama huku akipiga kelele ambazo hakuzitambua kuwa zake. Mamba akajibingirisha, akazama na kipande chake.

Sehemu kubwa waliipakia. Perege mmoja alikuwa bado hai. Rogathe alimfungua, akamtupa majini, kisha akatapika.

Baadaye mamba alikutwa amekufa ufukweni, nyuzi zimemkaba. Rogathe hakutaka kwenda kumwona.

Hajapanda mtumbwi tena. Lakini alijiunga na walinzi wa ziwa, na kila alfajiri husimama mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, akikagua nyavu kabla hazijaingia majini. Wavuvi wengine humtukana. Akigusa timba, hata iliyo kavu, moyo humwenda mbio, naye huishikilia hivyo hivyo mpaka mvuvi mwenye nayo akubali kuiacha.