Karanga za Yule Mama wa Kwenye Bango

Harufu ya karanga zinazokaangwa kwenye mchanga wa moto hainipiti hivi hivi hata leo. Hunirudisha stesheni ya Gulwe, msimu ule nilipokuwa darasa la tatu, bibi yangu akiwauzia abiria karanga madirishani nami nikimshikia beseni. Ukutani palikuwa na bango kuukuu la kuwaita watu likizo kwa treni: mama mwenye khanga nyekundu kasimama kando ya ziwa, kanyoosha mkono. Bibi hakujua kusoma, na mimi nilikuwa na kiherehere cha kusoma kila kitu, basi siku moja nikamsomea: "Karibuni Kigoma, tunawangoja."

Bibi alishtuka. "Wanatungoja? Tangu lini?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. "Unacheka nini wewe? Mtu anakukaribisha kwake, unampita kila siku kama humwoni! Ndiyo adabu mnayofundishwa huko shule?" Treni ilipofika, alifunga karanga kwenye kitambaa akamkabidhi mhudumu mmoja wa mabehewa. "Mpe yule mama wa kwenye bango. Mwambie nikishavuna nitakuja, mimi na mjukuu wangu." Jamani, aibu niliyoiona! Lakini yule mhudumu hakucheka. Alizipokea kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata alishuka na kifurushi cha dagaa. "Shikamoo, mama. Wamepokea, wanashukuru, na bado wanawangoja." Nilifungua mdomo nimuumbue, akanikonyeza, nikaufunga. Tangu hapo Bibi hakupita pale bila kulisalimu bango kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kama anavyosalimia jirani. Lakini mvua zilikataa mwaka ule, na uliofuata, kisha wajukuu wa kulea wakaongezeka, safari ikawa ya mwakani kila mwaka. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyemsomea.

Siku hizi matangazo ya likizo hunifuata kwenye simu hapa Chang'ombe, na mengi nayapita bila hata kuyasoma. Gulwe ukuta umepakwa rangi, bango halipo tena. Bibi amebakiwa na jicho moja linaloona, na daktari hana uhakika nalo. Ndiyo maana mwezi huu nimekata tiketi mbili za Kigoma. Nilipompelekea habari, aliinuka papo hapo kutafuta mchanga wa kukaangia. Nikamuuliza, kwa kiherehere changu kilekile, "Na yule mama tusipomkuta, Bibi?"

Akanitazama. "Si tutamkuta mwanawe? Hebu koka moto."