Siku Nilipomwita Mtani wa Baba Mwizi

Harufu ya kuku wa kupaka ikipita, wenzangu humeza mate. Mimi huinamisha kichwa. Acheni niwaambie kwa nini, ila msinicheke.

Nilikuwa na miaka minane, nimetoka kulelewa kwa bibi Kilwa Kivinje na kuhamia kwa wazazi wangu Rasbura, mjini Lindi. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na asubuhi hiyo tulikuwa tunakwenda Ziwa la Rutamba, tukashinde kwenye kivuli cha msitu. Mtaa mzima ulijua, maana niliutangazia. Mama alitukataza hata kutaja kuogelea, kwa sababu ya mamba, lakini mimi nilishavaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni. Mkeka ulishakunjwa, dumu la maji limejaa, na sufuria ya kuku ilikuwa mlangoni, imefunikwa. Baba alikuwa amekwenda kununua barafu, mama anaoga.

Mara akaingia mzee nisiyemjua, akafunua sufuria, akanusa.

"Hawa Wamwera kuku wamemjulia wapi?" alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Si wale mihogo yao! Huyu naondoka naye."

Akajitwika sufuria, akatoka akicheza. Niliiona safari yangu inaondoka kichwani kwake. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mwizi! Mwizi!"

Neno hilo halina breki. Vijana wa kijiweni walimfikia kabla hajavuka barabara. Nilisikia sufuria ikianguka, kisha ngumi na mateke. Baba alitokea mbio, akatupa barafu, akamlalia yule mzee na kumkinga kwa mgongo wake.

"Mwacheni! Mtani wangu huyu! Mtani wangu!"

Alikuwa Mzee Chitanda, Mmakonde, kabila linalotaniana na sisi Wamwera, na rafiki wa baba wa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mtani akikubebea kuku unamtukana, anakutukana, mnacheka, kisha mnamla pamoja. Mama alinisukuma nikaombe radhi.

"Shikamoo," nikasema, nikakwama hapo.

"Marahaba, mwanangu." Alijaribu kucheka, mdomo ukamuuma.

Safari ilikufa. Hakuna aliyenichapa, na niliona heri wangenichapa.

Mzee Chitanda aliendelea kuja kwetu. Ila sasa alibisha hodi, akangoja akaribishwe, akaketi ukingoni mwa kiti na kuuliza habari za watoto. Mimi nilifurahi, nikaona kumbe amejifunza adabu. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwa nini baba, kila alipotoka kumsindikiza, alirudi ndani na kukaa peke yake. Katika mji ule mzima, hakubakiwa na mtu wa kumtukana.